Jinsi ya kuchagua kikosi cha taifa cha raga kabla ya Kombe la Dunia: mwongozo kamili

Watu wengi wakisikia kikosi kinatajwa wanadhani kazi ya kocha ni kupanga wachezaji kutoka mkali zaidi mpaka wa mwisho, alafu anakata pale idadi inapoisha. Raga haiendi hivo. Kombe la Dunia la 2023 kila nchi ilipeleka watu 33, lile la 2019 walikuwa 31, na ukibeba tu wachezaji 33 wakali wa nchi nzima unaeza kujikuta na mafulbeki (walinzi wa mwisho nyuma, namba 15) wanne moto na huka (namba 2, wa katikati ya safu ya mbele) mmoja, na timu kama hiyo inakwama kwenye makundi. Kikosi kizuri kinajengwa kwa swali moja linalorudiwa kwa kila jezi: huyu akiumia dakika ya tatu nani anaingia, na yule aliyeingia naye akiumia tunafanyaje? Ukiweza kujibu hilo kutoka namba 1 mpaka 15 bila kubabaika, umemaliza nusu ya kazi.

Nimeiweka hatua kwa hatua, lakini hatua zenyewe hazilingani uzito. Safu ya mbele (huka na mapropu wawili wanaomshika kushoto na kulia) peke yake inakula muda kuliko mawinga, mafulbeki na masenta wote ukiwaweka pamoja.

Hatua ya 1: Soma kanuni na ratiba kabla ya kutaja jina lolote

Chukua kanuni za mashindano uzisome na kalamu mkononi. Unatafuta vitu vichache tu: kikosi ni cha watu wangapi, majina yanapelekwa lini, majeruhi anabadilishwa vipi, yule aliyeondolewa anaweza kurudi au ndo basi, na anayeitwa kuziba pengo anaruhusiwa kucheza baada ya muda gani. Hayo yanabadilika kutoka mashindano haya kwenda yale kwa hiyo usitegemee kumbukumbu za miaka minne iliyopita.

Alafu ratiba. 2023 kule Ufaransa zilikuwa timu 20, makundi manne ya timu tano tano, na mashindano yalianza Septemba 8 yakaisha Oktoba 28, na kila timu ilihakikishiwa angalau siku tano za kupumzika kati ya mechi na mechi. 2027 kule Australia zitakuwa timu 24, makundi sita ya timu nne, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 13. Bingwa bado anacheza mechi saba, ila sasa tatu ni za makundi na nne ni za mtoano, ambayo inamaanisha nafasi ya kuwapumzisha wakubwa mapema imepungua. Kaa na ratiba hiyo, weka alama kwa mechi ambazo lazima ushinde na zile unazoweza kuzungusha kikosi, hapo ndo utajua kama unahitaji wachezaji 33 wa kuanza au 23 wa kuanza na 10 wa kusubiri. Nchi ndogo ambayo lengo lake ni kushinda mechi moja au mbili za kundi ina kikosi tofauti kabisa na nchi inayotafuta kombe, na hakuna aibu kwenye hilo, aibu ni kuiga kikosi cha mabingwa wakati malengo yako ni mengine.

Hatua ya 2: Hakikisha kila mtu anaruhusiwa kuivaa hiyo jezi

Watu wanaipita haraka na ndo inayoangusha nchi nzima. Kwenye raga pasipoti peke yake haitoshi. Mchezaji anaruhusiwa kama amezaliwa nchini, au mzazi wake au babu au bibi yake mmoja alizaliwa nchini, au amesajiliwa kwenye chama cha raga cha nchi hiyo peke yake miezi 60 mfululizo kabla ya kucheza, au ameishi miaka 10 kwa jumla hata kama alikuwa anatoka na kurudi. Zamani ilikuwa kuishi nchini miezi 36, ikapandishwa.

Tangu Januari 2022 kuna mlango mwingine. Mchezaji aliyewahi kuchezea taifa moja anaweza kuhamia lingine mara moja tu maishani, kama amekaa miezi 36 bila kucheza mechi ya kimataifa na kama yeye, mzazi au babu na bibi alizaliwa kule anakoenda. Ndo maana 2023 tuliona Charles Piutau na Malakai Fekitoa, wote waliowahi kuwa All Blacks (timu ya taifa ya New Zealand), wakivaa jezi ya Tonga, na Lima Sopoaga akaenda Samoa. Kwa nchi yenye wachezaji wengi wenye asili yake waliotawanyika huko duniani huu mlango ni dhahabu, lakini uanze kutafuta mapema, manake hiyo miezi 36 haiharakishwi.

Kuhusu karatasi uwe mkali. Usikubali maneno, taka cheti cha kuzaliwa cha babu, tarehe za kuingia na kutoka nchini, kila kitu. Hispania ilifuzu kwa 2023 uwanjani kabisa, alafu mwaka 2022 ikakatwa pointi kwa kuchezesha mtu asiyeruhusiwa, nafasi ikaenda Romania. Na Romania wenyewe walikuwa wamekosa 2019 kwa kosa la aina hiyo hiyo! Weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni mafaili tu, na jina lisiingie kwenye mjadala wa uchezaji mpaka huyo mtu aseme faili limekamilika.

Hatua ya 3: Gawa viti kabla ya kugawa majina

Chora karatasi yenye nafasi 33 tupu. Mgao ambao mimi naupenda ni mafowadi (namba 1 mpaka 8) 19 na mabeki (namba 9 mpaka 15) 14, yaani mapropu 6 (watatu wa kushoto, watatu wa kulia), mahuka 3, maloku (namba 4 na 5) 4, safu ya tatu ya nyuma (flanka na namba 8) 6, kisha namba 9 watatu, namba 10 wawili, masenta 4, na mawinga na mafulbeki jumla 5. Wengine wanaenda 18 kwa 15. Sio dini, ila anza na mgao na kila ukiubadilisha uandike umepoteza nini.

Sasa safu ya mbele. Kwenye mechi unakuwa na watu 23, 15 wa kuanza na 8 benchi, na sheria inataka kati ya hao 23 wawepo angalau sita waliozoea safu ya mbele ili propu wa kushoto, huka na propu wa kulia kila mmoja awe na wa kumbadilisha. Ukiishiwa, skramu (pale mafowadi nane wa kila timu wanaposhikana na kusukumana kugombania mpira) zinakuwa za kutosukumana na yule aliyesababisha hali hiyo habadilishwi, unacheza pungufu. Kwa hiyo kila wiki, bila kujali mpinzani, lazima uwe na watu sita wazima wa safu ya mbele, na hawa ndo watu wanaoumia shingo, mgongo na mashavu ya miguu kila mazoezi. Ukipeleka mapropu wanne na mahuka wawili, jeraha moja tu la Alhamisi linakutia kwenye simu kutafuta mtu na ndege.

Na propu wa kulia sio sawa na propu wa kushoto. Wa kulia anabeba presha ya watu wawili, huka na propu wa upande wa pili, na mtu akihamishwa upande kwa dharura utaona mgongo wake unapinda kabla skramu haijatulia. Fainali ya 2019 kule Yokohama, Kyle Sinckler wa Uingereza alitolewa dakika za mwanzo kwa kugongwa kichwa, Dan Cole akalazimika kucheza karibu mechi nzima, na Afrika Kusini ikavuna penalti za skramu mpaka ikashinda 32-12. Cole alikuwa propu mzuri mwenye mechi nyingi za kimataifa, shida ni kwamba hakuna mtu wa umbo lile aliyepangiwa dakika zote hizo dhidi ya mapropu fresh wanaoingia kipindi cha pili.

Nafasi ya pili ya kuumiza kichwa ni namba 10. New Zealand 2011 walimpoteza Dan Carter kabla ya mtoano, akaja Colin Slade akaumia, akaja Aaron Cruden akaumia ndani ya fainali yenyewe, akaingia Stephen Donald ambaye hakuwa hata kwenye kikosi cha mwanzo, na penalti yake ndo ikaamua mechi, 8-7 dhidi ya Ufaransa. Namba 10 wa nne! Huwezi kubeba wanne, lakini unaweza kuhakikisha senta au fulbeki mmoja anajua kuendesha gemu na kupiga mipira ya penalti, na kwamba nyumbani kuna mtu wa nne anayejua miito yote ya laini-auti (mpira unaporushwa ndani kutoka pembeni) na ya mashambulizi.

Hapa ndo wachezaji wa nafasi mbili wanapata thamani. Ila kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeweza kucheza nafasi mbili na mtu aliyewahi kucheza nafasi mbili. Kama flanka wako ndo huka wa tatu, basi awe amerusha mipira ya laini-auti mazoezini kila wiki kwa miezi, akiwa amechoka, huku warukaji wa upande wa pili wanamsumbua. Afrika Kusini 2023 ni somo la pande zote mbili. Malcolm Marx, huka, aliumia goti katikati ya mashindano, na badala ya kuita huka mwingine wakamwita Handré Pollard, namba 10. Pollard akapiga penalti ya mwisho iliyoitoa Uingereza 16-15 kwenye nusu fainali, na kwenye fainali pointi zote 12 za ushindi wa 12-11 zilikuwa zake. Lakini fainali hiyo hiyo huka Mbongeni Mbonambi aliumia mwanzoni kabisa, na Deon Fourie, ambaye siku nyingi alikuwa anacheza flanka, akabeba kazi ya huka karibu mechi nzima, na laini-auti ikayumba kweli. Walishinda kwa pointi moja. Mimi nasema uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu Fourie alikuwa amewahi kuwa huka kwa miaka mingi na hawakumbahatisha, kocha asiyekuwa na Fourie asijaribu.

Mwisho wa hatua hii amua benchi lako litakaaje. Wengi wanaweka mafowadi watano na mabeki watatu. Ukitaka sita kwa mbili, au saba kwa moja kama Afrika Kusini walivofanya kwenye fainali ya 2023, lazima mabeki wako wa kuanza wawe na uwezo wa kuhamahama, na hilo linaamua nani anaingia kwenye 33 tangu mwanzo.

Hatua ya 4: Tazama wachezaji kwa macho ya mashindano

Orodha ndefu ianze karibu miaka miwili kabla, watu 60 au 70, na kila jina liwe na mtu wa benchi la ufundi anayelifuatilia. Takwimu utapata nyingi, mita alizobeba, takol (kumkaba na kumwangusha mwenye mpira) alizofanya, mbio kutoka kwa kifaa cha GPS kwenye fulana, na zote zina kazi yake, ila kuna vitu lazima uvione kwenye video kwa kurudisha nyuma na kusimamisha.

Chukua propu wa kulia. Usiangalie skramu ya dakika ya tano, kila mtu ana nguvu dakika ya tano. Nenda dakika ya 60 kwenda mbele. Angalia miguu yake kabla mpira haujaingia, je inarudi nyuma ya nyonga vizuri au imesogea mbele anajikunja, je mgongo umenyooka au nyonga zimepanda juu ya mabega. Alafu mpira ukitoka usiufuate mpira, baki na yeye, hesabu anachukua muda gani kunyanyuka, na akinyanyuka anaenda wapi, kwenye ruki (rundo la kugombania mpira ulio chini) inayofuata au anatembea akishika kiuno. Rudia hivo kwa mechi kadhaa tofauti, nyumbani na ugenini, dhidi ya mapropu wazito na wepesi, utajua mengi kuliko ripoti ya kurasa 20.

Winga vivo hivo. Watu wanahesabu trai zake (mara alizoweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani), mimi nataka kuona yuko wapi wakati mpinzani ameshika mpira na anajiandaa kupiga juu. Kombe la Dunia mechi za mtoano zinakuwa za mipira ya juu, na winga asiyeruka na kudaka chini ya presha atapigiwa jioni nzima.

Nidhamu ihesabiwe kama ujuzi. Andika penalti za kila mchezaji na za aina gani, ofsaidi, mikono kwenye ruki, takol ya juu. Takol ya juu ndo ya hatari zaidi saa hizi. Owen Farrell alipata kadi nyekundu kwenye mechi ya kujipima Agosti 2023, akafungiwa mechi nne, akakosa mbili za kwanza za Uingereza kwenye Kombe la Dunia. Tom Curry naye kadi yake ilikuja dakika ya tatu dhidi ya Argentina (wakaponea kwa George Ford kupiga pointi zote 27). Sam Cane, nahodha, alitolewa kwenye fainali ambayo New Zealand ilipoteza kwa pointi moja. Mchezaji anayekaba akiwa amesimama wima kwenye klabu hatabadilika ghafla kwa sababu amevaa jezi ya taifa. Ama umrekebishe mapema ama umwache.

Fomu au uzoefu? Ukikosa uhakika, kwa namba 2 (huka), 3 (propu wa kulia), 9 na 10 chagua uzoefu, kwa safu ya tatu ya nyuma na mawinga chagua fomu. Hizo namba nne ndo zinazoamua timu itulie au iparaganyike.

Hatua ya 5: Daktari aongee kabla ya kocha

Weka utaratibu wa rangi tatu. Kijani, yuko fiti. Njano, atakuwa fiti kwa tarehe inayojulikana. Nyekundu, hatujui. Kocha haruhusiwi kubadilisha rangi, na mambo ya kugongwa kichwa hayana mjadala kabisa, hapo daktari ndo wa mwisho.

Wa njano ndo wanaotesa. Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini, aliumia goti Aprili 2023, wengi wakamfuta, akarudi Agosti 19 dhidi ya Wales na akanyanyua kombe Oktoba. Antoine Dupont alivunjika mfupa wa shavu dhidi ya Namibia, Ufaransa wakambakiza kikosini, akarudi robo fainali. Hao ni watu ambao timu nzima inazunguka juu yao. Kwa hiyo kanuni yangu: kiti cha njano wape wachezaji wawili tu, wasiwe wa nafasi moja, na kamwe asiwe propu. Ukimbeba loku wa tatu akiwa njano eti kwa sababu ni rafiki wa kila mtu, unamnyima mzima nafasi na unawachosha maloku waliobaki.

Hatua ya 6: Kambi na mechi za kujipima

Punguza hadi 40 au 45 kwa ajili ya kambi. Ongea na klabu mapema kuhusu tarehe za kuwaachia wachezaji, kwa sababu hata pale sheria iko upande wako, klabu iliyoshtukizwa itakuletea mtu aliyechoka.

Mechi za kujipima zipangie maswali, moja kwa kila mechi. Ya kwanza ni ya wale walio kwenye ukingo. Ya pili jaribu mpango wa dharura, muweke yule senta acheze namba 10 dakika 30, muweke huka wa tatu aanze. Ya mwisho ichezwe na kikosi kinachokaribia kile cha kwanza. Majeraha yatatokea, Romain Ntamack wa Ufaransa alikatika kano ya goti kwenye mechi ya kujipima Agosti 2023, lakini timu isiyocheza kabisa inaingia mashindano ikiwa butu na hilo nalo lina gharama yake. Usitangaze kikosi kabla ya mechi hizi kama kanuni zinakuruhusu kusubiri.

Hatua ya 7: Kikao cha mwisho

Kila mwalimu aandike 33 zake peke yake usiku wa kabla, ampe katibu bila kuonyesha mwingine. Asubuhi mnaziweka ukutani. Mara nyingi majina kama 27 au 28 yanafanana, hayo msipoteze muda nayo, hata kusifiana hakuna haja. Kocha mkuu aongee mwisho kwenye kila jina linalobishaniwa, akianza yeye wengine watakubali tu.

Kwa viti vilivyobaki, achana na swali la nani bora. Uliza hivi: katika mechi ya tatu ya kundi, huyu atavaa jezi gani? Kama hakuna anayeweza kujibu, hana kiti. Uliza pia atakuwaje akikaa mwezi mzima bila kucheza hata dakika moja, manake kuna watu wawili watatu kikosini ambao kazi yao yote itakuwa kuiga laini-auti za mpinzani kila Jumanne na kubeba mabegi ya kukabia. Mchezaji anayefanya hiyo kazi kwa moyo ana thamani kubwa, na mwenye kinyongo anaharibu meza nzima ya chakula. Waulize manahodha maoni lakini usiwape kura, wataishi na hao watu.

Mkimaliza, fanyeni jaribio la mwisho. Mtoe namba 3 wako, mpange 23. Mtoe namba 9 na 10 kwa pamoja, mpange 23. Mpe nahodha kadi nyekundu ya mechi tatu, mpange 23. Penye kigugumizi rudini nyuma hata kama ni saa nane usiku.

Hatua ya 8: Waambie watu, na uwatunze wa akiba

Aliyeachwa asikie kutoka kwa kocha mkuu kwa sauti, kabla ya mtu yeyote mwingine, na aambiwe sababu ya kweli yenye mfano: takol zako za upande wa kushoto, laini-auti yako ya Juni, tulihitaji mtu wa nafasi mbili. Usimwambie ilikuwa karibu kama haikuwa karibu. Mwanasaikolojia wa timu awapigie siku ya pili na ya saba, kwa sababu siku ya kwanza mtu hasikii kitu.

Alafu chagua wa akiba kama nane, kwa nafasi, na lazima wawemo huka, propu wa kila upande, namba 9 na namba 10. Hawa wapewe programu ya mazoezi, mechi za klabu kama zipo, viza na pasipoti tayari, na kila Jumatatu watumiwe miito mipya ya laini-auti na video za wiki. Mwalimu mmoja awe na jukumu la kuwapigia simu na kuwauliza maswali ya miito hiyo papo hapo, akikosea arudie. Simu ya kuitwa inaweza kuja Jumapili na mechi iko Ijumaa, na akishuka kwenye ndege anatakiwa ajue anasimama wapi kwenye skramu ya kwanza.